Mkanda wa Mayala

Lori la Lomax lilikuwa linatimua vumbi Kwihara. Kwenye mchanga likapunguza mwendo. Kosa hilo.

Mwamvita akaitupa baiskeli yake ya Raleigh kichakani, akadandia nyuma.

Kisu kikatoka kwenye khanga. Robota la tumbaku likapasuka. Akaingiza mkono.

Tumbaku. Tumbaku. Ngozi!

Mikanda! Ile minene ya usalama, yenye vifungo vya shaba, ambayo sheria inasema kila fundi anayepanda juu lazima afunge kiunoni. Ilikuwa inapelekwa Kongo kuuzwa, kwa njia ileile ya misafara ya zamani. Zamani yalipita meno ya tembo. Leo Lomax, mkandarasi mzima, anapitisha mikanda aliyowaibia vibarua wake. Hata wezi wa kuku wana heshima kuliko huyu.

Akaruka chini. Kichakani, ndani ya kapu la vitumbua lililofungwa kwenye baiskeli, redio ya Marconi ikakoroma.

"Kanga anaita," akanong'ona, kwa jina lake la kazi.

"Sema, Kanga," mkuu wake akajibu.

"Mzigo nimeuona. Lori linaelekea Urambo."

"Tutalidaka huko. Na mafundi wa mnara?"

"Wamepewa bandia. Nimegusa mmoja jana. Ni boksi tu, limepakwa rangi ya viatu."

"Mkaguzi wa usalama ameshashuka kwenye treni. Akitia sahihi tu, wanapanda."

"Nimkamate Lomax?"

"Kwa ushahidi gani? Mzigo bado uko njiani. Mkaguzi aone mwenyewe. Na usijitambulishe, Kanga. Bado tunakuhitaji."

Redio ikazimika.

Mwamvita akaokota baiskeli, akakanyaga pedali kurudi Tabora kama anakimbizwa na nyuki.

Mnara wa tangi la maji ulisimama pembeni ya reli. Chuma kitupu. Ukidondoka kutoka kule, unazolewa kwa koleo. Fundi Anton alidondoka kwenye kazi ya Urambo mwezi uliopita. Lomax akasema alikuwa amelewa. Anton! Mmoraviani aliyekuwa anaogopa hata togwa!

Mezani, kando ya birika la chai, palipangwa mikanda ya kweli, ile michache iliyobakizwa kwa maonyesho. Mkaguzi akavuta mmoja, akavuta wa pili, akaridhika. Mafundi walikuwa wamepanga mstari, viunoni wamefunga mingine, inayofanana nayo kabisa. Wa kwanza kupanda ni Mayala, nyapara wao. Mkewe Leonia alijifungua juzi.

"Unaona?" Lomax akamwambia mkaguzi. "Hawa ni kama wanangu."

Wanawe! Mtu ana roho inanuka kuliko soksi zake.

Mkaguzi akatoa kalamu.

Mwamvita alikuwa kando ya meza, kapu mkononi. Bastola yake ya Webley ilikuwa chini ya vitumbua. Haina kazi hapa. Mwamvita akafikiri haraka. Mayala ni Mnyamwezi. Yeye ni Mzaramo. Watani!

Mtani akikunyang'anya kitu, unacheka. Ukinuna, mji mzima unakucheka wewe.

"We Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Mkanda mzuri hivyo umeufunga kwenye kijiti gani?"

"Toka hapa, Mzaramo! Nyie mnajua kupanda minazi tu."

"Na nyie mnajua kubeba mizigo yetu tu. Lete mkanda wangu!"

Akafungua kifungo, akakwapua. Mafundi wakaangua kicheko.

Lomax akawa mwekundu. "Mkamateni huyo mwanamke!"

Walinzi wake walikuwa wanajifuta machozi ya kucheka. "Bwana, huo ni utani. Hauingiliwi."

Miaka yote Tabora, anajua kufoka tu. Hata hilo hajui!

"Utaukomboa kwa jogoo, mtani," Mwamvita akasema. "Ukikataa, nauogesha."

"Uogeshe! Ngozi haiogopi maji."

Akauzamisha kwenye pipa la maji chini ya mnara. Akaukandamiza. Akauinua.

Mkanda ukavimba. Ukameguka. Vipande vya boksi vikadondoka kwenye viatu vya mkaguzi, pwata.

Kicheko kikakatika.

Mayala akajishika kiuno. "Hiki ndicho nilikuwa napandia?"

Mkaguzi akarudisha kalamu mfukoni.

Lomax akachomoa bastola. Mwamvita hakupepesa. Akamrushia birika la chai ya moto. Lomax akapiga yowe, bastola ikatumbukia kwenye pipa.

Akakimbilia Land Rover. Mafundi wameshaizunguka. Akageuka. Mafundi. Akageuka tena. Mafundi.

Basi mwenye akili zake akakwea mnara!

Nusu ya ngazi, akakwama. Akakumbatia chuma, macho kafumba, kamasi zinamtoka.

"Mkanda! Nipeni mkanda!"

Fundi mmoja akainua lile boksi lililolowa. "Huu hapa, Bwana. Tumekuwekea!"

Mayala hakucheka. Alichukua mikanda miwili ya mezani. Mmoja akajifunga, akauvuta mara mbili. Akapanda, akaunasa kila alipofika, polepole, mpaka kwenye buti za Lomax.

Akatazama chini.

"Mtani! Huyu nimuache hapahapa?"

Uwanja wote ukamgeukia Mwamvita. Hata mkaguzi.

"Mshushe," Mwamvita akajibu. "Mama yake Anton anataka kumwona mahakamani."

Mayala akamzungushia Lomax mkanda wa ngozi, akafunga shaba.

"Kaza mkono, Bwana. Usiponishika vizuri, watasema umelewa."

Mkaguzi akageuka amuulize yule mwanamke jina lake. Hakumwona. Mwamvita alikuwa ameshavuka reli, kapu kichwani, anatafuna kitumbua kilichopoa.