Bilauri ya Nne

Mezani walikuwa watatu, naye Mhudumu akamimina bilauri nne.

Wala hakutambua mpaka mkewe alipocheka. "Mume wangu, hapa si hotelini. Hiyo ya nne ya nani?"

Mhudumu akaitazama bilauri iliyosimama mbele ya kiti kitupu. Kwa miaka ishirini na miwili aliwamiminia wageni mvinyo kwenye hoteli kubwa, mpaka jina la kazi likawa ndilo jina lake hata nyumbani. Alistaafu Ijumaa. Leo Jumapili mchana mkono ulikuwa bado uko kazini. Ila mkono huo haukuwahi kukosea idadi ya watu mezani, hata siku moja, na jambo hilo likamkera.

"Ya mgeni," akasema, ili yaishe.

"Mgeni si ndiye mimi?" akadakia Shemeji, kaka wa mkewe, mtu ambaye hajapata kualikwa mahali akakosa la kulalamikia. "Halafu huu mvinyo wako unanuka viatu vya marehemu."

"Unanuka umri. Pua yako imezoea soda."

Na kweli umri ulikuwepo. Mvinyo ule mwekundu ulikaa chupani miaka thelathini na mitano, na ulitoka Ufaransa, kwenye shamba la mizabibu la familia moja. Bikizee mmoja wa familia hiyo, aliyekuwa akifikia hotelini kila mwaka, ndiye aliyempa Mhudumu chupa siku ya kumuaga. "Ni ya mwisho katika zile alizotengeneza baba mkwe wangu," alimwambia. "Kunyweni ninyi, muimalize." Alimkabidhi ikiwa imeviringishwa taulo, bila kuigusa kwa kiganja, na kesho yake akaondoka kabla ya kifungua kinywa. Mhudumu alidhani bibi wa watu anaumia kuachana na chupa nzuri. Kumbe alikuwa anatua mzigo.

"Msigugumie," akawaambia. "Nuseni kwanza. Halafu ushikeni kinywani."

Ukingoni mwa bilauri wekundu ulishaanza kugeuka rangi ya tofali. Mkewe akanusa, akafumba macho. Majani makavu yaliyonyeshewa, akasema, na mkoba wa ngozi wa zamani, na zabibu kavu. Walipoonja, ule ukali wote uliotarajiwa haukuwepo. Ulishalainika, ukateremka taratibu, ukaacha utamu mwembamba uliokataa kuondoka ulimini. Hata Shemeji alinyamaza, na hilo si dogo. Mhudumu aliona raha isiyo kifani. Miaka yote hiyo aliwamiminia wengine, leo akajua walichokuwa wakikinywa.

Kisha mkewe akanyoosha mkono. "Mgeni mwenyewe haji. Dhambi kuuacha." Akaichukua bilauri ya nne, akafumba macho, akainywa yote.

Kile kiti kitupu kikalia, mlio wa kiti kinachoachwa na mtu mzito.

Harufu ya chumba cha chini ya ardhi, ya udongo mbichi na mbao zilizooza, ikapanda kutoka sakafuni jua likiwa bado linawaka dirishani, na nyayo zikaanza kuizunguka meza, nyayo za mtu asiye na haraka, zikapita nyuma ya Shemeji aliyekuwa ameshikilia uma hewani, zikapita nyuma ya Mhudumu na kumwachia ubaridi kisogoni, zikaenda mpaka nyuma ya kiti cha mkewe, na hapo zikasimama.

Mkewe akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee wa kiume, tena kwa Kifaransa, lugha ambayo mwanamke yule hakuwahi kujifunza. Mhudumu aliijua kwa kuisikia kwenye meza za hotelini.

"Anasemaje?" Shemeji akanong'ona.

"Anauliza nani amekunywa ya kwake."

Shemeji alitoka mbio. Alirudi na msusi wa mtaa wa pili, mwanamke mkali aliyejulikana pia kwa kupunga majini. Kufikia hapo midomo ya mke ilikuwa na rangi ya mvinyo, na rangi hiyo ilishashuka kidevuni na ilikuwa inaingia shingoni, chini ya ngozi.

"Ikifika moyoni hatuna mtu," msusi akasema kwa sauti ya chini. "Muulize anataka nini."

Mhudumu akauliza. Jibu likaja taratibu, la chuki tupu. Mzee hukaa na kila chupa aliyoitengeneza. Nyumba hii ilimkaribisha, ikammiminia, halafu ikamnyang'anya. Mvinyo wake umo ndani ya mwanamke huyu, naye ataufuata humohumo mpaka aupate.

"Jini aliyekaribishwa hafukuzwi," msusi akasema. "Huombwa radhi. Mpe kilichobaki."

Chupani yalibaki mashapo tu, tope jeusi ambalo mhudumu yeyote huliacha humo. Akammiminia kidogo kwenye ile bilauri ya nne. Mkewe akaipiga bilauri ikavunjika ukutani. Rangi ikashuka mpaka kwenye mfupa wa bega.

Hapo Mhudumu hakumuuliza mtu tena. Akaweka kitambaa mkononi, akainama kama alivyofundishwa. Kule kazini, lolote linaloharibika mezani ni kosa la anayehudumu, kamwe si la mgeni.

"Bwana mkubwa," akasema kwa Kifaransa, machozi yakimtoka, "kosa ni langu. Huyu ni mgeni wangu kama wewe. Mwache. Nitakuhudumia mimi."

"Mpaka lini?"

Akaitazama shingo ya mkewe. "Mpaka utosheke."

Msusi akamvuta shati. "Umemwambia nini?"

Rangi ikaanza kupanda, shingoni, kidevuni, midomoni, ikatoweka. Mkewe akakohoa. "Nina kiu," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona mmenizunguka?" Shemeji akalia waziwazi pale mlangoni. Msusi akanusa hewa, akasema nyumba ni safi, akaenda zake.

"Keti ule, mume wangu. Chakula kimepoa."

Alitaka kuketi. Alitamani amkumbatie kwanza. Magoti yakakataa kukunjika, na mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya mashapo. Ilikuwa nzito. Alipoitazama, ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Keti basi," mkewe akasema tena.