Aliyeingia kwa Jina la Mama Ramani

Asubuhi ile kompyuta ya Kidonoa ilikataa kufungua folda ya pamoja, na hilo peke yake halikuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Katika ofisi ile ya wapimaji ardhi, folda ya pamoja ilizoea kugoma, na kila ilipogoma mtu alinyoosha shingo juu ya meza yake akapaza sauti, "Fundi! Haifunguki!" Basi fundi wa kompyuta akaja na kikombe chake cha chai mkononi, akainama juu ya bega la Kidonoa, ambaye alikuwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja, akasoma maneno kwenye skrini. Huna ruhusa ya kufungua folda hii. Inatumiwa na Mama Ramani.

Fundi aliweka kikombe chini. Mama Ramani walimzika miezi mitano iliyopita, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Nani anatumia akaunti ya marehemu?" akauliza.

"Sisi sote," akajibu mchoraji wa meza ya jirani bila hata kugeuka. "Si wewe mwenyewe uliyetuunganisha?"

Kweli, ni yeye. Mama Ramani alikuwa karani mkuu aliyetunza ramani zote za viwanja, na katika ofisi nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kila folda. Ukitaka ramani, unakwenda kusimama mbele ya meza yake unangoja, naye anagonga meza kwa pete yake, kok, kok, kok, huku akifikiria kama unastahili. Alinukia mafuta ya karafuu aliyojipaka magotini, na alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi. Alipofariki, folda zikabaki zimefungwa na kazi ikalala. Fundi angeweza kukaa siku nzima akampa kila mfanyakazi ruhusa yake. Badala yake akashika njia ya mkato: akaziagiza kompyuta zote ziwe zinakwenda zenyewe kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi folda zote, kila mtu anapoingia asubuhi, ziombe folda kwa jina la Mama Ramani na kwa neno lake la siri. Ikafanya kazi papo hapo. Akajiambia ataitengeneza vizuri wiki ijayo, na wiki ijayo ya mafundi tunaijua sote.

Tangu hapo, kila asubuhi, kabla watu hawajaweka mikoba chini wala kusalimiana sawasawa, kila meza ya ofisi ile ilikuwa ikimwita mwanamke aliyekufa, ikimwomba afungue.

"Ngoja nikupe ruhusa yako mwenyewe," fundi akamwambia mdogo wake. Akampa. Skrini ikakubali, kisha ikakataa. Akampa tena, ikakataa tena, na safari hii jina la Kidonoa likawa limetoweka kabisa kati ya majina ya wenye ruhusa.

"Kaka," Kidonoa akanong'ona. "Unasikia hiyo harufu?"

"Harufu gani?" akasema, ingawa karafuu ilikuwa imemjaa puani.

Ndipo mlio ukasikika, mdogo, chini ya ngurumo ya kiyoyozi. Kok, kok, kok. Ulitoka kwenye meza ile ile ya Kidonoa, ambayo zamani ilikuwa ya Mama Ramani. Mikono ya Kidonoa ilikuwa mapajani na hakuwa na pete.

Kidonoa si jina lake, bila shaka. Walimbandika siku ya kwanza tu kazini, walipomwona anachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Alicheka nao, akalizoea. Alikuwa analea peke yake mtoto wa kiume wa miaka minne, na kaka yake ndiye aliyekwenda kumpigia magoti mkurugenzi mpaka akapata kazi ile. Kwa hiyo fundi alipokwenda sasa kwa mkurugenzi kuomba akaunti ya marehemu ifungwe na kila mtu apewe ruhusa yake upya, alijua anachokilinda. Ila hakujua aanzie wapi kueleza.

"Nikikufahamu vizuri," mkurugenzi akasema, "folda inafunguka kwa watu wote isipokuwa dada yako?"

"Ndiyo, bosi, lakini..."

"Basi haijaharibika folda. Ameharibika dada yako. Tukimaliza hii kazi ya kupima barabara, fanya unavyotaka. Kabla ya hapo usiniguse hiyo kompyuta kubwa."

Fundi akatoka kichwa chini, na mambo yakaendelea kumomonyoka. Mlangoni pa ofisi palikuwa na mashine ya kusoma kidole, inayokukaribisha kwa sauti. Asubuhi moja Kidonoa alibandika kidole chake pale na mashine ikasema kwa furaha yake ile isiyo na akili, "Karibu, Mama Ramani." Watu waliokuwa nyuma yake walicheka, kisha kicheko kikawakauka. Simu yake ikaacha kumtambua. Mchoraji wa meza ya jirani alimpita bila salamu na alipoulizwa akasema samahani, hakumwona. Na kila alipokaa kimya muda mrefu, kidole chake cha pete kilianza chenyewe kugonga meza.

Jioni moja alimkuta kaka yake nje ya ofisi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu ananikataa, kaka. Nikiingia ndani anakimbilia kwa jirani. Ananitazama, anasema, huyu si mama, mama yuko wapi." Akazidi kuukaza mkono wa kaka yake. "Nimtoe wapi mama mwingine mimi? Nifungulie, kaka. Wewe ndiye unayejua kufungua."

Fundi alijua kufungua vitu vingi, lakini alisimama pale akimpapasa mgongo tu.

Dada wa usafi ndiye aliyesema kuna mtabibu anayewatibu wenye majini. Wakamwingiza Jumamosi mchana, ofisi ikiwa tupu. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyelalamikia ngazi, akalalamikia baridi ya kiyoyozi, akaomba kiti chenye mgongo. Kompyuta alisema hazijui na hataki kuzijua. Alichotaka kusikia ni kimoja tu: nani ameita? Fundi akamweleza ile njia yake ya mkato, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyokuwa ikipungua.

Mtabibu alivua miwani. "Marehemu haitikii, mwanangu. Yeye amepumzika zake. Lakini ukisimama mlangoni kila siku unaita, na mwenye jina hayupo, ataitika anayepita. Wako wasio na majina, na hao jina wanalitamani kweli kweli. Huyu wenu mmempa jina, mmempa na siri yake. Sasa anataka mwili wa kulivalia hilo jina. Anabadilishana na dada yako. Yeye anatoka, dada yako anaingia."

"Utamfukuza?"

"Nitajaribu kumrudisha alikotoka. Kufunga mlango ni kazi yako uliyeufungua. Lakini nisikilize. Usifunge mpaka nimeinua mkono. Ukifunga kabla hatujajua nani yuko ndani na nani yuko nje, mimi nitakusaidia kulia tu."

Kidonoa akaketi, mtabibu akaishika mikono yake yote miwili, akafumba macho, akaanza kisomo kwa sauti ya chini. Fundi alikaa mbele ya kompyuta kubwa katika chumba cha seva, mlango wazi ili awaone, akaunti ya Mama Ramani ikiwa tayari mbele yake, imebaki kubonyeza tu. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kompyuta moja ikawaka yenyewe mwisho wa ukumbi, na ya pili, na zote, meza baada ya meza, kila moja ikifungua ule ukurasa wa asubuhi unaouliza wewe ni nani, na kila moja ikajijibu herufi kwa herufi jina lile lile, huku karafuu ikipanda mpaka macho yakawa yanamchonyota, na mlio wa pete ukaanza kwenye meza ya kwanza ukahamia ya pili ukaja ukimkaribia kama mtu anayetembea ukumbini akigonga kila meza anayoipita, kok, kok, kok, na mtabibu akipandisha sauti na jasho likimchuruzika, na taa zikififia, mpaka fundi akahisi kitu kimesimama kizingitini pa chumba cha seva, kinapumua, kinasubiri tu kuambiwa karibu.

Ghafla Kidonoa akafumbua macho. Machozi yalimtiririka.

"Kaka! Ametoka. Funga. Funga haraka, mwanangu ananisubiri!"

Mtabibu alikuwa bado amefumba macho. Mkono wake haukuinuka. Fundi aliona hivyo, na hilo ndilo litakalomla maisha yake yote, kwamba aliona. Lakini aliyelia alikuwa mdogo wake, na sauti ilikuwa ya mdogo wake. Akabonyeza Futa.

Skrini ikamwonya: Mtumiaji huyu ana faili moja wazi. Unataka kuendelea?

Sasa, fundi wa kompyuta hasomi maonyo. Ameyaona maelfu, na yote yanasema kitu kimoja kwa maneno mengi. Kidole kinajua njia. Kikabonyeza Ndiyo kabla macho hayajafika mwisho wa mstari.

Pakawa kimya. Kompyuta zote za ukumbini zikazimika, na harufu ikakatika. Mtabibu akafumbua macho, akatazama huku na huku.

"Mbona umefunga?" akauliza. "Mimi sijainua mkono."

Kwenye skrini likabaki lile faili, jinsi lilivyokuwa lilipofungwa. Lilikuwa limeandikwa muda ule ule ambao mikono ya Kidonoa ilikuwa imeshikwa na mtabibu. Fundi akalisoma. Kaka ni mimi. Niko huku ndani. Usifung

Nyuma yake, ukumbini, mtu alivuta kiti cha Kidonoa akakaa. Kibodi ikaanza kulia kama mvua juu ya mabati, vidole kumi, bila kusita hata mara moja.

Fundi alijaribu kila alilolijua. Alikuwa na nakala za akiba za seva nzima, akazirudisha moja moja, akaijenga upya akaunti ya Mama Ramani kama alivyoikuta, akaita kwa jina na kwa neno la siri mpaka sauti ikamkauka, maana alikuwa ameanza kuita kwa mdomo pia. Jibu lilikuwa moja: Mtumiaji huyu hayupo. Alikwenda kwa mtabibu, akalia barazani kwake. Mtabibu alikaa naye akalia kidogo, kama alivyoahidi, kisha akasema mlango uliofutwa jina, hajui mtu ataita nani ili ufunguke.

Ofisini, folda ya pamoja haikugoma tena. Mkurugenzi alimsifu mbele ya watu. Alimsifu na dada yake pia, kwa jinsi alivyobadilika, anavyochapa sasa, anavyozijua ramani zote kwa kichwa. Watu walilisahau jina la Kidonoa bila kuambiwa.

Mchana mmoja dada huyo alikuja na mtoto ofisini. Mtoto siku hizi hakulia. Alikuwa mkimya, amekonda shingo. Walipomwachia kidogo, alipita katikati ya meza moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba cha seva, akabandika kiganja chake pale. Fundi alimfuata, akachuchumaa kando yake.

"Mjomba," mtoto akanong'ona, "mama yuko humu."

"Nani kakwambia?"

"Anaandika. Anaandika polepole."

Fundi akaweka sikio mlangoni. Feni za seva zilikuwa zinanguruma, na chini ya ngurumo ile, mbali, kulikuwa na kitu kinadonoa. Tik. Kikanyamaza kama kinachotafuta herufi. Tik. Vidole viwili. Funguo za chumba kile zilikuwa kiunoni mwake, na chumba alikijua chote: kabati, nyaya na ile kompyuta kubwa. Angeufungua mlango mara mia asingekuta kingine.

Kivuli kikawafunika, na karafuu ikaja nacho. Yule aliyekuwa na uso wa mdogo wake akainama, akamnyanyua mtoto, akamweka kifuani. Kidole chake cha pete kikawa kinamgonga mtoto mgongoni taratibu, kok, kok, ingawa mgongo wa mtoto hauwezi kutoa mlio ule.

"Mwambie hakuna mtu humo, kaka," akasema kwa upole. "Mtoto huyu usiku analala na mimi."

Mtoto alimtazama mjomba wake, akingoja. Fundi alitaka kusema kitu kingine, chochote, na mdomo wake ukakikataa.

"Hakuna mtu humo, mjomba," akasema.

Kule ndani, kudonoa kukakoma.