Taa Iliyokonyeza Haraka

Unayatazama meno yetu ya kahawia, kisha unageuza uso. Bibi zetu wa kijiji chetu cha Maji ya Chai walitazamwa hivyohivyo, na mama zetu pia. Siku hizi maji safi yanauzwa kwa chupa kila duka la barabarani, na asiye na pesa anywe ya mtoni! Basi leo usigeuze uso. Sikiliza habari za Lesian, mwanafunzi wa shule yetu.

Kila asubuhi Lesian alijaza maji ya mtoni kwenye pipa la shule lenye mkaa wa mifupa, unaonasa madini ya floraidi yanayoharibu meno. Maji yalipaswa kutulia humo saa nzima, lakini wenzake walichoka kungoja, wakafungua bomba mapema. Ndipo akatengeneza koki ya umeme inayoongozwa na chipu, kompyuta ndogo sana, ili ifunguke saa nzima ikishapita tu. Programu aliinakili kutoka kwa binamu yake wa mtaa wa Levolosi, mjini. Taa ndogo ilipaswa kuwaka mara moja kila sekunde, kuonyesha kwamba chipu inahesabu vizuri.

"Kaka, mbona taa yako inakonyeza haraka hivyo?" aliuliza mdogo wake, Simaloi, aliyekuwa anaota meno ya ukubwani.

"Wewe kunywa tu. Inafanya kazi."

"Labda ina vumbi jichoni!" Hans, rafiki wa Lesian, alicheka.

Lesian alikuwa ameona. Alinyamaza kwa kuwa shule nzima ilishampigia makofi.

Wiki ileile Mwalimu Pudensiana alipima maji ya pipa. Floraidi ilikuwa ileile ya mtoni. Akaitazama taa ya koki, akamwita Lesian.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiyo taa ulishailinganisha na saa ya ukutani?"

"Hapana. Niliona inakimbia, mwalimu. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza! Na mdogo wako anakunywa!"

Wakakaa kwenye kompyuta. Programu ya binamu iliandikiwa chipu ya mwendo wa polepole. Saa ya ndani ya chipu ya Lesian ilikimbia mara nane zaidi, kwa hiyo koki ilifunguka kabla mkaa haujamaliza kazi. Lesian akapanga upya mwendo wa saa hiyo, kisha yeye na Simaloi wakasimama mbele ya saa ya ukutani. Mshale wa sekunde ukaruka, taa ikawaka. Ukaruka tena, ikawaka tena. Maji yakapimwa upya: floraidi imeshuka.

"Chipu haina kosa, inafuata ilivyopangwa," alisema mwalimu. "Wewe uliona, ukafunga mdomo. Kitu kisipoenda sawa, sema siku hiyohiyo, hata kama umekitengeneza mwenyewe."

Na wewe unayesoma, maji ya shuleni kwako nani ameyapima? Hujui. Funga kitabu hiki, nenda kwa mwalimu mkuu sasa hivi, umuulize. Usiondoke mlangoni mpaka ujibiwe.