Kijiti Ndani ya Kontakta

Kontakta ilijibana, tak, na umeme ulikuwa umezimwa.

Fundi Mihayo alibaki ameduwaa mbele ya boksi la umeme la kiwanda cha barafu, kule Ilemela. Swichi kubwa iko chini, kaifunga kufuli mwenyewe, funguo ziko mfukoni. Na kontakta haina akili yake: ukibonyeza kitufe cha kijani inajibana, mota inazunguka, ukibonyeza chekundu inaachia. Bila umeme ni chuma tu.

"Yeremia, umegusa nini?"

"Mimi nakunywa chai, fundi," alijibu mwendesha mashine, kikombe mkononi.

Mihayo hakumwamini. Tangu Mashimba, msafishaji wa mashine, afe, Mihayo hamwamini mtu: wiki hii kontakta ikijibana yenyewe, Jumatatu alimshuku Yeremia, Jumanne mlinzi, Jumatano panya. Lakini panya gani analeta harufu? Kila kontakta ilipojibana, boksi lilinuka mti mbichi, kama umevunjwa sasa hivi.

Wafanyakazi walishamleta bibi mmoja mganga kutoka Kigongo. Alifukiza ubani, akanusa boksi, akakung'uta kanga yake. "Huyu hafukuzwi kwa moshi," alisema kwa sauti ya chini. "Anadai neno, na mwenye nalo yumo humu." Watu wakatazamana. Wa kwanza kumkodolea macho Yeremia alikuwa Mihayo. Mwizi naye hupiga kelele za mwizi.

Maana Mihayo alijua. Mchana ule, miezi mitatu nyuma, kontakta ilikuwa imechoka, inaachia ovyo, na wenye samaki wanagombana getini wakitaka barafu. Akafanya wanavyofanya mafundi wakibanwa: akaikandamiza kwa kijiti cha mwarobaini ili isiachie. Mashine ya kusaga barafu ilipomvuta Mashimba mkono, alibonyeza chekundu, akabonyeza tena, akabonyeza mpaka mwisho. Watu walipofika, kijiti Mihayo alishakichomoa. Ikasemwa marehemu alizembea.

"Shemeji," sauti ilitoka kwenye mashine. Ni Odeta, mjane wa Mashimba, aliyepewa kazi ya mumewe ya kusafisha meno ya mashine. "Umezima kweli? Mkono wangu uko ndani."

Mihayo akachungulia boksini. Kontakta ilikuwa imebanwa kwa kijiti, kibichi, kinatoa maji.

"Toa mkono, shemeji."

"Hautoki. Kuna mtu ameushika."

Akakivuta kijiti, hakikutoka, akakivuta kwa koleo, hakikutoka, na mota isiyo na umeme ikaanza kunguruma polepole, na harufu ya mti ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na meno yale yakasogea kidogo, tena kidogo, na Odeta halii wala haiti, mpaka Mihayo akapiga magoti na kusema alichokificha miezi mitatu.

"Ni mimi. Kijiti niliweka mimi. Hukuzembea, Mashimba, ulizima, haikuzima kwa sababu yangu. Mwachie mkeo."

Tak. Kontakta ikaachia.

Odeta akaja akifuta mkono kwa kanga, mzima, hatetemeki. Yeremia alikuwa mlangoni, chai imemwagika miguuni.

"Wiki ya tatu sasa mume wangu ananiambia niweke mkono, nisiogope," Odeta alisema taratibu. "Alisema utasema tu."



Odeta akanyoosha mkono ule ule. "Nipe funguo za swichi, shemeji. Amesema leo zamu ya kusafisha ni yako."