Mtu Kwenye Birika

Jua lilikuwa linazama Obadiah Crump aliposhuka hadi Mto Red kuchota maji ya kahawa. Alikuwa mpishi wa gari la jikoni, lile linaloandamana na kundi la ng'ombe safarini, mzito wa mwili na mwepesi wa matusi, na kwa maharage yake wachunga ng'ombe wa Texas walikuwa tayari kupigana ngumi. Jioni ile hakuwa na tusi hata moja. Mto ulikuwa umefura, na maji yalinuka tope bovu.

Mwaka uliopita, walipovusha ng'ombe hapohapo, mto huo ulimmeza mwenzao, Lafe Stroud. Farasi alitoka. Lafe hakutoka.

Na kesho atakayetangulia majini mbele ya ng'ombe ni Dub, mtoto wa dada yake Obadiah.

"Mjomba, mbona umenuna? Umekula mapishi yako mwenyewe?" Dub alimtania.

"Kesho shika farasi, ulimi uuache huku. Nimemwahidi mama yako nitakurudisha."

Watu walikuwa wamechuchumaa na sahani zao alipotokea mgeni juu ya farasi, akija kutoka upande wa upepo. Obadiah akavuta pumzi amtukane. Upande ule haji mtu, maana vumbi la farasi wake huingia kwenye masufuria.

Akaufunga mdomo.

Vumbi halikuwepo. Hata chembe.

Mgeni akashuka. Farasi hakumfunga kwenye gurudumu la gari; mpishi hukataza, na huyu alionekana kuijua sheria hiyo. Kofia ameishusha hadi puani. Hakuna aliyemuuliza jina, maana kwenye mbuga zile mgeni hula kwanza. Lakini huyu hakugusa chakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye makaa, akashika birika.

"Mtu kwenye birika!" Dub akapaza sauti, na wenzake wakacheka.

Ni sheria ya kambi zote za ng'ombe. Ukienda kujiongezea kahawa ukaitwa hivyo, huna ujanja, unammiminia kila mtu ndipo uwe huru.

Mgeni akageuka. Polepole.

"Mwaka mzima nangoja mtu aniite," akanong'ona.

Kicheko kikakatika.

Akaanza kumimina, kikombe hiki, kikombe kile. Mikono ya shati lake ilichuruzika maji... tone... tone... Harufu ya tope ikajaa kambini. Birika halikuisha. Alipopita karibu na moto, Obadiah akauona uso chini ya kofia.

Lafe.

Akafika kwa Dub, akamjazia, akainama sikioni, lakini Obadiah alisikia kila neno.

"Nikishawamiminia wote, naondoka. Siondoki peke yangu. Na aliyeniita ni wewe."

"Mjomba..." Dub aliita.

Alibaki mmoja tu, mpishi. Lafe akamjia na birika. Obadiah akachukua kikombe chake, akakifudikiza juu ya ubao wa gari, akaweka kiganja juu yake.

"Mimi bado."

"Nyoosha kikombe."

"Sina kiu."

Kifuniko cha birika kikagonga. Tik... tik...

"Basi nitangoja, mpishi."

Hakuna aliyelala. Alfajiri wakavuka, Dub mbele, akatoka ng'ambo amelowa mpaka kofia, mzima. Birika waliliacha. Obadiah aligeuka mara moja tu. Lafe alikuwa bado amesimama kwenye majivu, analo mkononi.

Tangu hapo Obadiah aliwapikia watu kahawa miaka na miaka, mwenyewe asionje. "Mpishi gani anaogopa mapishi yake?" walimcheka, naye akaendelea kukoroga sufuria. Kila alipolala, kikombe kilikuwa pembeni, kimefudikizwa.

Uzee ulimfikisha nyumbani kwa Dub, mbali na mto wowote. Jioni moja homa ikampanda.

"Dub... nina kiu."

Dub akakimbia na ndoo kisimani. Hakukawia. Aliporudi akasita mlangoni.

Nyumba ilinuka tope.

Mjomba wake alikuwa amelala chali, macho wazi, midomo imelowa, pumzi hakuna. Kikombe kilikuwa kifuani, kimesimama wima. Ndani mlikuwa na kahawa kidogo, bado inatoa mvuke.

Ndoo ikamponyoka.

Nyuma ya mlango... tik... tik...

"Wote wamepata, Dub. Twende."