Ukuta Wenye Joto

Kila asubuhi fundi viatu hugonga soli ukumbini, na mkewe humwogesha mtoto wao mchanga. Nyumba ina vyumba viwili. Cha pili kilikuwa cha mama yake fundi, ambaye wamemzika juzijuzi tu. Sasa mtoto ndiye analala humo.

Siku moja mke aliegemea ukuta wa chumba hicho. Akaruka.

"Baba watoto! Njoo ushike hapa."

Fundi akaweka kiganja. Pembeni ukuta ulikuwa baridi. Hapa palikuwa na joto, kama mgongo wa mtu. Tena ndani palinguruma, taratibu, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

"Mama aliimba hivyo," fundi alisema. Hakuondoa mkono.

Tangu hapo, kila jioni aliugonga ukuta na kuuaga. Ukuta ulijibu. Mngurumo ulipanda, ukashuka. Wengi wetu tungetoka mbio hata viatu tusivae.

"Mimi naogopa," mke alisema. "Mtoto analala pale."

"Unamwogopa bibi yake? Haya, kwa nje ukuta huu una tundu; kesho nitaliziba kwa saruji. Sauti ikiendelea, utajua si upepo. Ni Mama."

Mke hakungoja kesho. Alikwenda maktaba ya mtaa, kwa jirani yao aliye mkutubi, akamweleza yote. Mkutubi hakumcheka.

"Shemeji asizibe kitu kwanza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Swali lako ni lipi?"

"Kitu gani kina joto, kinanguruma, na kinakaa ukutani?"

"Vizuri. Kitabu cha maarifa tunakichagua kwa swali, si kwa jalada zuri."

Alitoa kitabu cha ujenzi. Wakapitia orodha ya yaliyomo mwanzoni, kisha faharasa mwishoni. Unyevu upo, nyufa zipo, mngurumo haupo. Mkutubi akawaza ni viumbe gani huvuma pamoja, akatoa cha ufugaji nyuki.

"Hiki nakipenda mwenyewe. Aliyekiandika amefuga nyuki miaka mingi, hasimulii ya kusikia."

Mwisho akaongeza kitabu chembamba kuhusu kufiwa. "Na hiki mpe shemeji."

Nyumbani, chumbani kwa mtoto, mke alisoma kwa sauti, kidole kwenye mstari: "Nyuki hutunza joto la kiota chao. Wakigongewa, huvuma. Usizibe mlango wao. Watatafuta njia nyingine, hata ya kuingia chumbani."

Wote wawili waliutazama ufa uliokuwa juu ya kitanda cha mtoto. Fundi akamnyakua mwanawe. Saruji ilibaki kwenye mfuko.

"Na hiki kingine?" mke aliuliza.

"Kirudishe. Mimi siumwi."

Mfuga nyuki alikuja na vifaa vyake. Alifungua ukuta, akawahamishia nyuki mzingani, akaziba tundu vizuri. Mkutubi alipelekewa asali. Mtoto akarudi chumbani kwake, akalala fofofo.

Jioni hiyo fundi aligonga ukuta. Kimya. Akaweka kiganja. Baridi. Hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Asubuhi maktaba ilipofunguliwa, alikuwa mlangoni, vidole vina gundi.

"Umekuja na swali, shemeji?" mkutubi aliuliza.

"Ndiyo. Mtu anamuagaje mama yake?"

Mkutubi hakwenda kwenye rafu. Kile kitabu chembamba kilikuwa bado juu ya meza yake, kinamngoja.