Maji Kwenye Dumu la Spiriti

Majirani zangu, nisikilizeni bila kunikatiza. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea upande wa pili wa ukuta wangu, na mkono wangu umo ndani yake.

Mimi ni mshona nguo. Cherehani yangu iko barazani, na ukuta unaonitenga na nyumba ya Fundi ni mwembamba kiasi kwamba wao wakipiga chafya, mimi huku najibu. Jumamosi asubuhi ilikuwa raha kuwatazama. Fundi wa magari yule, mikono myeusi ya grisi, analiosha gari lake jekundu la mashindano polepole kama anayemwogesha mtoto mchanga. Mkewe, mwalimu wa darasa la tatu, anasahihisha madaftari dirishani. Binti yao wa miaka minane, tuliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, anamuuliza baba yake maswali kumi bila kusubiri jibu la moja. Fundi alikuwa ametimiza miaka minne bila kugusa pombe. Kabla ya hapo tulikuwa tukimwokota mtaroni, mimi nimeshika miguu, mkewe ameshika mabega.

Basi siku moja Mwalimu akaja kwangu ameshika shati la kazi la mumewe kwa vidole viwili.

"Dada, hebu nusa hapa."

Nikanusa. Grisi ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na spiriti, kali, ya kuingia mpaka machoni.

"Labda amesafishia vyuma," nikasema, ingawa mwenyewe sikuamini.

"Wiki tatu mfululizo?"

Tangu hapo tukawa wapelelezi. Tuliona Kipara, rafiki yake Fundi wa tangu ujana, akishusha madumu yaliyofunikwa gunia na kuyaingiza stoo. Tuliona kufuli jipya kwenye mlango wa stoo, ufunguo mmoja kwa Fundi, wa pili kwa Kipara. Na Kasuku, yule yule ambaye angekueleza hata rangi ya soksi za mkuu wa shule, alipoulizwa madumu ni ya nini alibana midomo.

"Baba kasema nisiseme," akajibu, akakimbia.

Niambieni ninyi, mngefikiri nini?

Siku Fundi alipokuwa anaoga, Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni mwa suruali ya mumewe, tukaingia stoo. Nyuma ya matairi tulikuta madumu matatu, kila moja limewekwa alama ya vema kwa chaki. Mawili yalikuwa matupu. Pembeni palisimama bilauri ndefu nyembamba, na ndani yake kijiti cha kioo chenye namba, kile kinachoelea, ambacho wapika pombe hupimia ukali.

"Anapima kabisa!" Mwalimu alinong'ona. Akakaa juu ya tairi, akalia bila sauti. "Nilijua. Moyoni nilijua siku nyingi."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Marehemu mume wangu naye alikuwa mnywaji, na dawa niliyomtengenezea ilikuwa moja tu: namwaga kidogo kwenye chupa yake, najazia maji. Akilalamika kwamba kinywaji hakina nguvu, amejikamatisha mwenyewe. Nikamfundisha Mwalimu. Nilimshikia hata ndoo. Tukamwaga robo ya dumu la tatu kwenye mfereji, tukajazia maji ya bomba, tukafunga mfuniko, tukarudisha ufunguo. Nilijiona mjanja kweli kweli.

"Huwezi kumuuliza tu?" nilimwambia tulipotoka, kwa kuondoa lawama.

"Nikimuuliza ataniambia hapana. Na mimi sitaamini. Kwa hiyo ya nini?"

Siku mbili zikapita, Fundi hakulalamika. Ya tatu ikawa Jumapili. Alilijaza gari mafuta, akamwita Kasuku ampeleke kwa shangazi yake, nyuma ya mlima. Mwalimu alimfunga mtoto mkanda mwenyewe. Nilimwona akiinama dirishani karibu sana na uso wa mumewe, kama anayeaga, kumbe ananusa.

Gari lilikwenda vizuri mpaka kwenye mlima. Hapo Fundi akatoka kulipita lori lililokuwa likijikokota. Wako sambamba na magurudumu yake, gari likakohoa mara mbili na kuzima. Mbele lilikuwa linakuja basi. Fundi hakuwa na nguvu ya kusonga mbele wala nafasi ya kurudi nyuma. Akakata usukani kulia, wakaruka nje ya barabara, wakatumbukia korongoni.

Walitoka hai. Fundi alichanika paji la uso. Kasuku alivunjika mkono mahali pawili.

Nilikwenda na Mwalimu hospitali. Nilichokiona mlangoni sitakisahau. Fundi alimkimbilia mkewe huku damu inamtiririka, amefungua mikono, na mkewe akamshika mashavu akamnusa mdomo. Kabla ya kuuliza mtoto yuko wapi, alimnusa mdomo.

Askari wa barabarani aliyekuwa amesimama pale akasema, "Mama, tumeshampima. Ni sifuri. Huyu hajanywa kitu."

Fundi alimtazama mkewe.

Kesho yake alishuka korongoni, akakinga mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo, akarudi nayo nyumbani. Mimi nilikuwepo, nimemletea mgonjwa uji. Akaiweka mezani. Ndani ya chupa palikuwa na tabaka mbili, moja juu ya nyingine, na mstari katikati.

"Angalieni," alisema. "Hii ya juu ni petroli. Hii ya chini ni spiriti iliyotiwa maji. Gari langu nililibadilisha, linakunywa petroli na spiriti kwa mchanganyiko wowote. Nimebadili pampu, mabomba, mpaka kompyuta yake nimeifundisha. Spiriti inaipoza injini, inaipa nguvu. Lakini ikiwa na maji mengi haikai pamoja na petroli. Inazama chini ya tangi, na pampu inanyonya kutoka chini."

"Kwa nini hukuniambia?" Mwalimu aliuliza.

"Nilikuapia kwamba spiriti haitaingia tena nyumba hii. Ningeanzaje? Nilisema nitakueleza baada ya mashindano, nikiwa na kombe mkononi." Akaigonga chupa kwa ukucha. "Kila dumu nalipima likifika, nikiridhika natia alama ya chaki. Hili lilikuwa safi. Aliyetia maji ameingia stoo, na ufunguo wa pili anao Kipara. Naye ana gari kwenye mashindano hayo hayo. Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwambia mbele ya wanawe kwamba ni muuaji."

Kipara, aliyemshika mkono Fundi siku ya kwanza ya kuacha pombe. Kipara, aliyelala sakafuni kwake wiki nzima akimlinda asitoroke kwenda kilabuni.

Nilimtazama Mwalimu. Naye alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha macho.

"Maji ni yangu," akasema. "Niliingia peke yangu. Nilidhani unakunywa."

Niliushika mwiko wa uji. Nikanyamaza.

Fundi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu, "Miaka minne yote, kila ukinikaribia, ulikuwa unaninusa?"

Mwalimu akafunika uso kwa viganja.

Wakati huo ndipo tulipogundua kwamba Kasuku amesimama mlangoni, mkono kwenye plasta, amesikia yote. Mama yake akamwambia, "Njoo, mwanangu, sema nami." Mtoto alibana midomo vile vile alivyobana siku ya madumu. Leo ni wiki ya saba. Shuleni anajibu kwa kichwa. Gari akiliona likiwashwa, anakwenda kujificha nyuma ya mlango. Fundi analala karakana. Kipara amehama mtaa, na simu ya Fundi haipokei.

FUNZO

Majirani, ukimshuku mtu wako, muulize, kisha uwe tayari kulisikia jibu lake. Na wewe mwenye siri njema, itoe mapema. Wa nyumbani kwako haoni wema wake, anaona kufuli tu. Wala msimfunge mtoto mdomo kwa mambo ya wakubwa, maana hamjui atafunguka lini.

Hilo ni funzo la wote. La kwangu mimi ni jingine. Mwalimu aliubeba mzigo peke yake, na hajawahi kuninyooshea kidole. Fundi bado ananiamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mama," ananishukuru kwa uji. Ushauri ulikuwa wangu. Ndoo niliishika mimi. Ninyi mmenisikia kwanza kwa sababu nilitaka kujizoeza kulisema. Sasa nimefunika cherehani, nakwenda karakana kumwambia.